Kupima Kingamwili au Kuchanja? Somo Nililopewa na Mbwa wa Bugarama

Mwaka jana nilifanya mazoezi ya kufundisha nyumbani kwetu Bugarama. Nilipangiwa Baiolojia kidato cha kwanza, mada ya afya na kinga. Siku hiyo nilifundisha vizuri tu: nikachora ubaoni, nikaeleza kwamba chanjo huuzoesha mwili kutengeneza kingamwili, na kwamba kingamwili zinaweza kupimwa kwenye damu. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbwa wetu walichanjwa mwaka jana. Wakipimwa wakakutwa bado wana hizo kingamwili, kuna haja gani ya kuwachanja tena?"

Nikamsifu kwa swali zuri, halafu nikajibu kwa kujiamini kabisa: "Hapo hakuna haja."

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa. Babu yake yule mwanafunzi hakuwapeleka mbwa wake wawili. Majirani walipomuuliza, akawaambia mwalimu amesema wapimwe kwanza. Habari ikanifikia Jumatatu. Ndugu msomaji, nilinyong'onyea. Jibu langu lilikuwa na ukweli wa kitabuni ndani yake, lakini limewaacha mbwa wawili bila chanjo. Ikabidi nirudi kusoma upya.

Kipimo kinapima nini?

Kingamwili ni protini ambazo mwili hutengeneza baada ya kukutana na kirusi au chanjo. Ukichukua damu ya mbwa unaweza kujua kiasi chake. Kwa magonjwa kama distempa na parvo, ambayo huua sana watoto wa mbwa, kipimo hiki kina kazi kweli. Miongozo ya WSAVA, umoja wa dunia wa madaktari wa wanyama wadogo, inakubali kwamba mbwa mkubwa aliyekutwa na kingamwili za magonjwa hayo anaweza kuachwa bila kurudiwa chanjo kwa wakati huo. Wenye mbwa Ulaya na Marekani hukitumia ili mnyama asidungwe sindano asiyoihitaji. Kwa hiyo yule mwanafunzi hakuuliza ujinga hata kidogo.

Hata kwetu kipimo hiki kimefanya kazi kubwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Watafiti walipopima damu za simba waliobaki, wengi wao walikutwa na kingamwili, maana yake kirusi kilikuwa kimewapitia wakapona. Mbwa wa vijiji vya jirani ndio walioonekana kuwa chanzo, na baada ya hapo kazi ya kuwachanja mbwa wanaoizunguka hifadhi ikaanza. Angalia mpangilio wenyewe: kipimo kilisimulia yaliyopita, chanjo ikashughulikia yanayokuja.

Kichaa cha mbwa ni habari nyingine

Hapa ndipo nilipoteleza. Nilichukua kanuni ya parvo nikaipeleka kwenye kichaa cha mbwa.

Kwa kichaa cha mbwa kuna kiwango kinachokubalika kimataifa: yuniti 0.5 kwa kila mililita ya damu iliyochujwa. Mbwa akifika hapo, tunasema chanjo imeitikiwa. Lakini akishuka chini ya hapo baada ya mwaka mmoja, haina maana kinga imekwisha, kwa sababu mwili una seli za kumbukumbu ambazo kipimo hiki hakizioni. Namba hiyo inasaidia, ila haimalizi maneno.

Mfano mzuri ni mbwa anayesafirishwa kutoka Tanzania kwenda nchi za Umoja wa Ulaya. Lazima achanjwe kwanza, kisha damu ichukuliwe baada ya siku zisizopungua 30, na hata akifaulu asubiri miezi mitatu ndipo asafiri. Kwa hiyo hata huko kipimo kinaifuata chanjo. Hakikai mahali pake.

Halafu fikiria Bugarama. Kumshika mbwa wa kijijini umdunge sindano ni sekunde chache. Kumtoa damu, kuitunza kwenye baridi, kuipeleka kwenye maabara maalumu, kusubiri majibu, kisha kurudi kumtafuta mbwa yuleyule ambaye siku hiyo yuko machimboni anaokota mifupa, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Gharama yake ingechanja mbwa wengi.

Tupige hesabu kidogo

Jambo lililonifungua macho zaidi ni hili: kampeni hazirudiwi kila mwaka kwa sababu tu kinga ya kila mbwa imekwisha. Chanjo nyingi za kichaa cha mbwa hulinda kwa zaidi ya mwaka. Zinarudiwa kwa sababu mbwa wenyewe hubadilika.

Shirika la Afya Duniani linashauri tuchanje angalau asilimia 70 ya mbwa. Tuseme kijiji kina mbwa 100, tukachanja 70. Ndani ya mwaka, 30 kati ya waliochanjwa wakafa au wakahama, na watoto 30 wakazaliwa mahali pao. Mbwa bado ni 100, ila wenye chanjo ni 40. Ukiwapima hao 40 utafurahi, kingamwili zipo. Kirusi kitapita kwa wale 60. Utafiti uliofanyika Serengeti na Ngorongoro ulionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, wenzake wasiofika wawili. Ndiyo maana kijiji kikianza na 70 huwa kimejiwekea akiba ya kufika hadi kampeni inayofuata.

Je, kipimo hakina kazi kwenye kichaa cha mbwa? Kinayo. Chanjo yenyewe inadai friji, na vijiji vingi havina umeme wa uhakika. Watafiti wakachanja mbwa hapa Tanzania kwa chanjo iliyokuwa imekaa kwenye nyuzijoto 25 kwa miezi sita, na nyingine nyuzijoto 30 kwa miezi mitatu, halafu wakapima kingamwili. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha mbwa hao hawakuwa nyuma ya waliopewa chanjo iliyotoka kwenye ubaridi. Hapo kipimo kimefungua njia ya kuwafikia mbwa wengi zaidi. Wachache wakapimwa ili wengi wachanjwe.

Usisubiri kipimo cha mbwa

Kosa lingine nililokuta mtaani ni kudhani mbwa aliyeng'ata anaweza kupimwa kingamwili tujue kama ana kichaa. Hapana. Ugonjwa huthibitishwa kwa kupima ubongo wa mnyama aliyekufa. Mtu akiumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na watoto ndio wanaoumwa zaidi.

Nilivyorudi kwa babu

Jioni moja nilikwenda kwa yule mzee. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia, "Babu, nilimjibu mjukuu wako vibaya." Nikamweleza habari ya mbwa 100. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia mbwa wake mmoja alishagongwa na lori wiki ile ile. Mahali pake tayari palikuwa na mtoto wa mbwa aliyepewa na shemeji yake, amejikunja mlangoni.

"Sasa huyu, mwalimu, naye tumpime?" akauliza huku anacheka.

Kesho yake tukaenda wote kwa afisa mifugo wa kata. Yule mkubwa akachanjwa, na yule mdogo pia, maana kwenye kampeni hata watoto wa mbwa huhesabiwa. Wiki hiyo nilirudi darasani, nikafuta jibu langu la kwanza mbele ya wanafunzi wote, nikaandika hesabu ya mbwa 100 ubaoni. Yule aliyeuliza ndiye aliyepata 40 kabla ya wenzake.

Wanachuo wenzangu, hasa tunaosomea ualimu: tunachosema darasani saa nne asubuhi, jioni kinafika nyumbani kwa watu na kinaamua mambo. Likizo hii, ukisikia tangazo la chanjo mtaani kwenu, mfunge mbwa kamba umpeleke.