Dondoo muhimu: Ukishang'olewa gego

Usiliache pengo muda mrefu. Meno jirani huliinamia, na la mkabala husogea kulifuata. Gego la mwisho tu ndilo kwa kawaida halihitaji mbadala.

Meno ya kuvaa na kuvua ndiyo nafuu zaidi. Yavue usiku, uyaloweke kwenye maji baridi. Ya moto huyapinda. Mwanzoni ziepuke korosho na bisi; tafuna vyakula laini polepole, pande zote mbili.

Daraja, yaani jino bandia lililoshikizwa kwenye meno jirani, halivuliwi, ila meno hayo, hata yakiwa mazima, husagwa kulibeba. Kipandikizi cha titaniamu huyaacha salama. Ni ghali, na mfupa wa taya huchukua miezi 3 hadi 6 kukishika. Sigara hukidhoofisha.

Uwe Kilifi au Malindi, hakikisha daktari wa meno amesajiliwa na KMPDC, baraza la madaktari la Kenya. Fundi wa mtaani mkatae.