Ukisifiwa usichostahili

Mwalimu mgeni aliyepangiwa Fukayosi, wilayani Bagamoyo, akiingia saa tano kwenye kikao cha saa tatu, atapokewa hivi: "Karibu mwalimu, leo umewahi kweli." Akijibu "ahsante", atachekwa mpaka jioni.

Ukisikia sifa isiyolingana na hali ilivyo, jiulize: maneno haya ni ya nani? Wengi tumefundishwa kwamba kejeli ni kusema kinyume. Mwaka 1981 Dan Sperber na Deirdre Wilson walieleza vingine: mwenye kejeli hasemi la kwake, anarudisha maneno au matarajio ya mtu ili upungufu wa maneno au matarajio hayo uonekane. Barazani maelezo hayo yanafaa zaidi. Kijana wa bodaboda alisema kwenye simu, "Dakika tano tu, mama." Anatokea baada ya saa nzima, na mama anamuuliza, "Hee, mwanangu, dakika tano zimeisha mara hii?" Hapo hakuna kinyume cha chochote, kijana amerudishiwa dakika zake. Kwa hiyo tafuta ahadi, majigambo au desturi iliyotangulia. Ukiipata, kejeli imefunguka. Usipoipata, huenda umesifiwa kweli, pokea.

Kisha tazama anayesema ni nani wako. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara, na Wanyamwezi, ambao wapagazi wao walifika huko karne ya 19, wana utani na watu wa pwani hadi leo. Mtani anaweza kuja msibani akamwigiza marehemu, akadai na fedha, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Jirani wa kawaida akijaribu hivyo, ni ugomvi. Mgeni asijitie utani kabla hajamuuliza mzee wa mtaa nani ni mtani wa nani. Akitaniwa yeye, ajibu kwa utani. Kununa ndiko kunakoharibu.

Sauti nayo husaidia: "mzuriii" la kuvutwa, au "eti" mwanzoni. Kwenye ujumbe wa simu haisikiki, basi uliza waziwazi, "Unanitania?"

Darasani weka kejeli kando, hasa kwa wadogo, maana wengi wao bado huchukua neno lilivyo. Mwambie mtoto wa darasa la kwanza mwenye daftari lililojaa madoa, "Leo umeandika vizuri kweli," na kesho atakuletea lingine kama hilo, akitabasamu.