Rezini inapopata moto ndani ya kalibu

Swali: Natengeneza mashua za faibaglasi huku Likoni. Mchana mkuku hupata moto na kufanya nyufa. Siku nyingine rezini hubaki ikinata. Vihisi vya viwandani vitanisaidia?

Jibu: Vitakusaidia, fundi, tena cha bei ndogo kinatosha. Rezini ya poliesta haikauki kama rangi. Kichocheo huifanya igande, na kuganda huko huzalisha joto. Penye unene, kama kwenye mkuku, joto hukosa pa kutokea, likapita hata nyuzi 100. Na pwani yetu Februari hewa yenyewe hupita 30 kabla hujachanganya chochote.

Viwanda vya vipuri vya ndege huweka vihisi vya umeme kwenye uso wa kalibu. Rezini ikiwa majimaji, chembe zenye chaji husogea kwa wepesi; inavyoganda, hukwama. Kwa kupima mwendo huo mtambo huongeza moto, huupunguza, au huamua kalibu ifunguliwe, bila kutegemea saa ya ukutani.

Wewe nunua themokapo (kihisi cha joto) ya aina ya K, waya mwembamba, uulaze katikati ya matabaka penye unene zaidi. Andika joto kila dakika 5. Likipanda kwa kasi, usiongeze tabaka. Ngoja lifike kilele lishuke. Mwishowe kata waya, uzibe ncha kwa rezini maji yasipenye.

Kichocheo kipime kwa mizani, asilimia 1 hadi 2. Kukipunguza chini ya hapo kwa kuogopa jua ndiko mara nyingi huleta huo unato. Afadhali tabaka jembamba, alfajiri. Na tafadhali vaa miwani: tone moja la kichocheo laweza kupofusha jicho.