Safu ya Afya: Baina ya Slivu na Baipasi, Nichague Upi?

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 41, mkazi wa Tanga. Uzito wangu ni kilo 124 na urefu wangu sentimita 160. Nina kisukari cha ukubwani mwaka wa sita sasa, natumia vidonge, sijaanza sindano. Usiku kiungulia hunisumbua hata hulala nimeegemea mito, na magoti yananiuma kiasi cha kumeza diklofenaki karibu kila siku. Wifi yangu aliyeko Maskati alifanyiwa slivu miaka miwili iliyopita, akapungua mpaka nguo zake za zamani akazigawa, naye ananihimiza nifanye hiyo hiyo. Daktari aliyeniona ananiambia inifaayo ni baipasi. Shoga yangu naye asema nisijikatekate, niwekewe puto tu. Nimfuate nani? Na nikishapasuliwa, nitaweza kufunga Ramadhani? – Mama wa Tanga.

JAWABU: Bibi, wifi yako hakukosea kwa nafsi yake, wala shoga yako hakukutakia shari. Lakini wote wawili wamekupa shauri kwa kutazama unene wako peke yake, na katika mambo haya unene ndio usioamua. Kiamuacho ni maradhi aliyonayo mtu pamoja na unene wake, na yale atakayoweza kuyashika kwa umri wake wote baada ya jeraha kupona. Wewe umenitajia kisukari, kiungulia na maumivu ya magoti. Mambo hayo matatu ndiyo nitakayoyafuata, moja baada ya jingine.

Kwanza tujue kama upasuaji wenyewe unakustahiki. Ile hesabu ya BMI, ambayo ni kuugawa uzito wa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, kwako inatoa 48. Tangu mwaka 1991, ilipotoka kauli ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, mpaka uliofuatwa na matabibu wengi ulikuwa ni 40, au 35 kwa mwenye maradhi yaliyoandamana na unene. Na mwaka 2022 jumuiya za mabingwa wa fani hii ziliushusha, zikasema kwamba 35 yatosha peke yake, na kwamba mwenye kisukari aweza kufikiriwa hata akiwa na 30. Basi wewe umo ndani ya mpaka huo, wa zamani na wa sasa, na hapana haki ya mtu yeyote kukuambia kwamba unatafuta urembo.

Katika slivu, mpasuaji huingiza vyombo vyake kwa matundu madogo, akaukata mfuko wa chakula kwa wima na kuutoa kabisa upande wake mpana, ambao ni kiasi cha robo tatu ya mfuko wote au zaidi, kikabaki kijifuko chembamba mfano wa mkono wa kanzu; na kwa kuwa sehemu ile iliyotolewa ndiyo itoayo kwa wingi homoni ya grelini, ambayo huamsha njaa, mgonjwa aghalabu hujikuta hakitamani chakula kama zamani. Utumbo hauguswi, na njia ya chakula ni ile ile. Ila kilichotolewa hakirudishwi.

Baipasi ina kazi mbili. Juu ya mfuko hutengwa kijifuko kidogo cha kadiri ya mililita 30, kisha utumbo mwembamba hukatwa, ncha yake ya chini ikapandishwa kuungwa na kijifuko hicho, na ile ya juu, iletayo nyongo na maji ya kongosho, ikaungwa mbele zaidi kwenye utumbo, hata chakula kikaupita mfuko mkubwa na mwanzo wa utumbo bila ya kuvigusa. Mfuko mkubwa hautolewi. Hubaki mahali pake, ukiendelea kutoa maji yake. Upasuaji huu asili yake ni Chuo Kikuu cha Iowa, ambako Edward Mason na Chikashi Ito waliuanza katika miaka ya 1960, nao tangu mwaka 1994 umekuwa ukifanywa kwa matundu madogo. Kwa hiyo umekwisha kuhukumiwa na miaka mingi, ilhali slivu, ambayo awali ilikuwa ni hatua ya kwanza tu ya upasuaji mkubwa zaidi, haikusimama peke yake ila baada ya mwaka 2000, ingawa leo ndiyo ifanywayo kwa wingi zaidi duniani.

Ama habari ya kilo, ambazo ndizo zizungumzwazo sana mabarazani, hesabu kubwa iliyokusanywa katika hospitali za Marekani na kuchapishwa mwaka 2018 ilionyesha kwamba waliofanyiwa baipasi walipoteza asilimia 31 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza, na wa slivu asilimia 25. Ulipotimia mwaka wa tano, baadhi ya uzito ukiwa umerejea kwa wote, wa kwanza walikuwa wamebaki na upungufu wa asilimia 25 na nusu, na wa pili karibu 19. Kwa mtu wa kilo 124 hiyo ni kama kilo 32 kwa upasuaji mmoja na kilo 23 kwa mwingine. Lakini katika jaribio la Uswisi, ambamo wagonjwa waligawanywa kwa kura, tofauti ya uzito baada ya miaka mitano haikuwa kubwa kiasi cha kutegemewa. Ndiyo maana nikasema kilo zisiwe hakimu wako. Na miaka miwili ya wifi yako, pamoja na furaha yake yote, bado ni michache kwa kutolea hukumu.

Sasa tuyarudie maradhi yako. Kuhusu kisukari, kila mmoja wa upasuaji huu huzishinda dawa peke yake, kwani sukari huanza kushuka hata kabla ya uzito kupungua sana, kwa sababu ya homoni za utumbo zinazobadilika. Katika uchunguzi wa Norwe uliochapishwa mwaka 2019, baada ya mwaka mmoja kisukari kilikuwa kimetulia kwa yapata robo tatu ya waliofanyiwa baipasi, na kwa kiasi cha nusu ya wale wa slivu. Ukitazama mbali zaidi, matumaini hupungua: katika uchunguzi wa Cleveland nchini Marekani, baada ya miaka mitano waliokuwa na sukari iliyoshuka hadi kiwango kizuri kabisa walikuwa asilimia 29 kwa baipasi, 23 kwa slivu, na 5 tu kwa waliopewa dawa bila ya upasuaji. Waliougua kwa miaka michache na ambao hawajafikia sindano za insulini ndio wapatao afueni zaidi, nawe u miongoni mwao. Basi hapa mizani inaelemea baipasi, lakini si kwa uzito wa kufunga mjadala.

Kinachokaribia kuufunga ni kiungulia. Kijifuko cha slivu, kwa wembamba wake, huzidisha kani ya ndani na kuisukuma asidi juu kwenye umio, kiasi kwamba mtu asiyekuwa na kiungulia aweza kukipata, na aliyekuwa nacho kikamzidi. Wafini waliowafuata wagonjwa wao kwa miaka kumi waliona umio uliobabuka kwa asilimia 31 ya watu wa slivu, na kwa asilimia 7 tu ya watu wa baipasi. Wengine miongoni mwa wale wa kwanza hulazimika kurudi mezani, slivu yao ikageuzwa kuwa baipasi. Na kwa mtu alalaye ameegemea mito, kuchagua njia ambayo yaweza kumrudisha kwa mpasuaji mara ya pili ni jambo la kufikiri mno.

Hata hivyo magoti yako yanavuta upande wa pili. Pale kijifuko cha baipasi kilipoungwa na utumbo ni mahali pepesi kuota vidonda, na vidonda hivyo huletwa hasa na tumbaku na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Mtu asiyeweza kuishi bila ya dawa hizo, mathalan mwenye baridi yabisi ya kudumu, slivu humfaa zaidi, na tabibu mwenye hadhari hatamficha. Lakini magoti yanayouma kwa sababu ya kubeba kilo 124 hupata nafuu kilo zikiondoka. Na diklofenaki ya kila siku ni adui wa figo za mwenye kisukari hata kama hatapasuliwa kamwe. Nasaha yangu ni kwamba umwombe daktari akuachishe dawa hiyo tangu sasa, akupe parasetamoli na mazoezi ya viungo mahali pake, ili ujijue kabla ya upasuaji kama waweza kustahimili.

Puto la shoga yako si upasuaji. Huingizwa kwa kinywa, likajazwa maji ndani ya mfuko wa chakula, aghalabu kwa miezi sita, na hospitali zetu, kama Mloganzila, zimekwisha kulifanya. Lakini likitolewa, njaa hurudi na uzito huwa rahisi kurejea, kwa hiyo kwa mtu wa BMI ya 48 ni msaada mfupi, au ni matayarisho ya kumpunguza kidogo kabla ya kisu. Mkanda wa mpira wa kuubana mfuko, uliosifiwa sana miaka ishirini iliyopita, leo umeachwa na wengi, kwa kuwa wagonjwa wengi ilibidi watolewe mkanda huo baada ya kuteleza au kula ndani ya nyama. Iko pia baipasi ya kiungo kimoja, ambayo hupunguza uzito sawasawa na ile ya kawaida, lakini yaweza kuirudisha nyongo mfukoni, basi mwenye kiungulia asiikimbilie. Na sindano za kupunguza uzito, za semaglutidi na tirzepatidi, zina nguvu kweli, ila mara nyingi uzito hurejea zikiachwa. Hesabu gharama ya miaka, usihesabu ya mwezi mmoja.

Hatari zipo, wala si za kuogofya kupita kiasi: katika hospitali zenye uzoefu, wanaofariki kwa sababu ya upasuaji huu ni kama mmoja au wawili katika elfu moja. Mshono wa ndani waweza kuvuja, damu yaweza kuganda miguuni, na vijiwe vya nyongo huwapata wengi wanaopungua kwa haraka. Baipasi ina mambo mawili zaidi: vyakula vitamu huweza kumletea mtu jasho, mapigo ya moyo ya kasi na kizunguzungu mara akishavila, na utumbo waweza kujisokota ndani hata baada ya miaka mingi, kwa hiyo maumivu makali ya tumbo yasingojewe mpaka asubuhi. Na mgonjwa yeyote, wa slivu au wa baipasi, akitapika mfululizo katika wiki za mwanzo, sharti apewe vitamini B1 upesi, kwani ukosefu wake hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu.

Liko jambo ambalo wagonjwa huambiwa kwa haraka, nalo ndilo refu kuliko yote. Baada ya upasuaji, na hasa wa baipasi, madini ya chuma, kalisi, vitamini D na vitamini B12 zitakuwa haba mwilini mwako mpaka mwisho wa umri, ila uzimeze kila siku na damu yako ipimwe kila mwaka. Asiyeweza kuzinunua daima, au asiye na mahali pa kupimiwa, baipasi si yake. Dawa zako za kisukari nazo zitapunguzwa tangu siku za mwanzo, usije ukaangushwa na sukari iliyoshuka mno. Na kwa kuwa rutuba ya uzazi huongezeka mwili ukipungua, jizuie na mimba kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, kwa njia nyingine isiyokuwa vidonge, ambavyo baada ya baipasi havitegemeki.

Kuhusu saumu, katika miezi ya mwanzo mwili wako utahitaji maji kwa kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, na mabingwa wengi humtaka mgonjwa aache mwaka mmoja upite kwanza. Baada ya hapo wengi hufunga, wakigawa chakula chao baina ya futari na daku kwa milo midogo, wakiitanguliza protini na kujihadhari na tambi za sukari na kaimati. Lakini kwa mwenye kisukari ruhusa itoke kwa tabibu wake, na ruhusa ya kutofunga itoke kwa dini, nayo kwa mgonjwa imekwisha kutolewa.

Basi hukumu yangu, kwa niliyoyasoma katika barua yako, ni kwamba daktari wako amesema kweli: baipasi ndiyo ikufaayo, kwa sharti kwamba diklofenaki iachwe na vitamini zishikwe. Lakini usitie saini kabla hujafanyiwa endoskopi, ili umio na mfuko wako vitazamwe kwa macho na kijidudu cha vidonda kitafutwe, kwani baada ya baipasi ule mfuko mkubwa hautafikika tena kwa kamera ya kawaida. Muulize pia mpasuaji amewafanyia wangapi, na usiku ukipatwa na maumivu utamwita nani; na ukiambiwa uende nchi ya mbali kwa kuwa ni nafuu, uliza kwanza ni nani hapa nyumbani atakayekutazama mwaka wa tatu na wa kumi. Jawabu hilo lisipopatikana, ahirisha safari.