Dondoo muhimu: Koti juu ya kanzu
Koti huvaliwa juu ya kanzu katika harusi za pwani ya Afrika Mashariki na katika sherehe za Wabaganda. Koti lililotolewa kwenye suti ya mistari halifai: huonekana wazi kuwa limeachana na suruali yake. La rangi moja iliyokoza, kama buluu au nyeusi, hukaa vizuri juu ya kanzu nyeupe. Mabega ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Mikono na kiuno fundi hupunguza bila taabu, mabega humtoa jasho. Kanzu ipigwe pasi hadi kwenye pindo, maana koti huficha makunyanzi ya juu tu. Miguuni hufaa makubadhi au viatu vya ngozi. Raba huharibu kila kitu. Kichwani kofia ya vito yatosha. Tai haina kazi hapa.