Ngoma, Bunduki na Ng'ombe Wasio na Vichwa: Utetezi wa Omukama Rumanyika wa Karagwe

1.0 Utangulizi

Wachunguzi wa maandishi ya kale ya Afrika ya Mashariki wamezoea kuelekeza macho yao pwani. Huko upo msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Katika ufalme wa zamani wa Karagwe, ambao kitovu chake kimo katika eneo la Wilaya za Karagwe na Kyerwa za leo, hakuna jiwe wala ukuta ulioandikwa kwa herufi. Hata hivyo, ikulu ya Bweranyange iliacha vitu vya chuma na shaba ambavyo vilikusudiwa kusema jambo, na wataalamu bado hawajaafikiana kuhusu jambo hilo. Makala haya yanadai kwamba vitu hivyo havina budi kusomwa sambamba na simulizi nyingine ya ikulu hiyo hiyo: utetezi wa Omukama Rumanyika dhidi ya tuhuma kwamba alikalia kiti kisichokuwa chake.

2.0 Tuhuma

Chanzo chetu kikuu ni kitabu cha J. H. Speke kilichochapishwa mwaka 1863. Speke na mwenzake Grant walifika kwa Rumanyika Novemba 1861. Kwa mujibu wa maelezo yake, Omukama Ndagara alipofariki aliacha wana watatu wa mama mbalimbali: Rumanyika, Nnanaji na Rogero (tahajia ni ya Speke). Rogero ndiye aliyekuwa mdogo. Inasemekana baba yao aliwahi kumwambia mama yake Rogero kwamba kijana huyo angefaa sana kutawala, na mama akamlea mwanawe katika tumaini hilo.

Speke anaongeza maelezo mawili ambayo hayapaswi kupitwa haraka. Kwanza, anasema kuwa sheria ya urithi ilimpa haki mwana mkubwa, lakini miongoni mwa wana waliozaliwa baada ya baba kutawazwa tu. Kwa hiyo ukubwa wa umri peke yake haukutosha kuifunga hoja. Pili, anakiri kwamba nusu ya watu wa nchi walimfuata Rogero, ama kwa kumpenda ama kwa kumwogopa. Mshindi aliamuliwa na mtu wa tatu. Musa, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, alitumia pembe zake za ndovu kuwakodi watumwa wa Waarabu waliokuwa Kafuro, wakaja na bunduki, na Rogero akakimbia huku akiapa kurudi siku Waarabu watakapoondoka.

Hivyo basi, Rumanyika aliyempokea Speke alikuwa mtawala mwenye mshitaki aliye hai. Tuhuma yenyewe ilikuwa nzito: kwamba ufalme aliupata kwa bunduki za wageni.

3.0 Utetezi

Jibu la Rumanyika halikugusa bunduki hata kidogo. Alimsimulia Speke kwamba baada ya kifo cha baba yao, wakuu wa nchi waliweka ngoma ndogo mbele ya ndugu watatu. Ngoma hiyo ilikuwa nyepesi kama unyoya, lakini kwa nguvu za dawa iliwalemea wote wasiostahili. Nduguze walishindwa kuitikisa. Yeye aliinua kwa kidole kidogo. Akaongeza jaribio la pili: aliketishwa mahali maalumu, ardhi ikainuka naye hadi mawinguni. Laiti asingekuwa mrithi halali, ingeporomoka na kumwua.

Hapa inafaa tuzingatie mambo matatu. La kwanza ni la kiisimu. Katika lugha za eneo la Maziwa Makuu, engoma ni ngoma na ni ufalme pia. Kutawala ni "kula ngoma". Jaribio hilo kwa hiyo ni sitiari iliyogeuzwa tukio: asiyeweza kuinua ngoma hawezi kubeba nchi.

La pili ni la kisheria. Kama ilivyo katika viapo vya mwavi, hakimu katika majaribio haya si binadamu. Shahidi anaweza kuhongwa na mzee anaweza kupendelea, ilhali kitu hakina ndugu. Mtuhumiwa anajitetea kwa kuiondoa kesi mikononi mwa watu, ambao nusu yao walikwisha kumkataa.

La tatu ni la mpangilio. Simulizi ya ngoma inaiweka hukumu kabla ya vita. Kwa mpangilio huo bunduki za Kafuro hazikumpa mtu ufalme. Zililinda tu kilichokwisha kuamuliwa. Hapo ndipo ilipo nguvu ya utetezi huu.

4.0 Vitu vya Bweranyange

Stanley, aliyefika mwaka 1876, aliona katika nyumba ya hazina ya Rumanyika sanamu za bata kumi na sita hivi wa shaba ya manjano wenye mabawa ya shaba nyekundu, sanamu kumi za mfano wa pofu, na ng'ombe kumi wa shaba wasio na vichwa, pamoja na mundu na mikuki. Tunajua pia sanamu za ng'ombe wa chuma na nyundo za kifalme.

Sassoon (1983) aliviunganisha vitu hivi na uhusiano wa wafalme, ng'ombe na wahunzi katika falme za Maziwa Makuu. Reid na MacLean (1995) walizingatia mazingira ya kijamii ya ufuaji chuma na ishara zake za uzazi. Tafsiri hizi zinaeleza kwa nini kuwe na ng'ombe na kwa nini kuwe na chuma. Lakini lipo swali jingine: mwenye kuvishika alikuwa anamwambia nani, na nini?

Maoni yetu ni kwamba vitu vya kurithi ni aina ya hati. Simulizi ya ngoma ilihitaji msimulizi, na msimulizi alikuwa mtuhumiwa mwenyewe. Hazina ilisimama bila kusimuliwa. Aliyemwonyesha mgeni nyundo na ng'ombe wa ikulu alikuwa anamwonyesha mlolongo wa watangulizi wake, na Rogero uhamishoni hakuwa nao.

5.0 Hitimisho

Je, tuhuma ilikuwa ya uwongo? Mtafiti hana budi kutahadhari. Ushahidi wa Speke umetoka upande wa mshindi. Maneno ya Rogero yametufikia kupitia vinywa vya waliomfukuza, na Speke mwenyewe alikuwa mgeni wa Rumanyika na rafiki wa Musa. Hata hivyo, ni Speke huyo huyo aliyehifadhi sheria ya urithi na habari ya nusu ya nchi, yaani hoja mbili ambazo Rogero angezitumia. Utetezi ukisomwa vizuri hutuonyesha umbo la shitaka. Kwa hiyo wanafunzi wa fasihi simulizi na wa akiolojia wasigawane Bweranyange, mmoja achukue ngoma na mwingine ng'ombe. Vyote viwili ni sehemu za kesi moja.