Kazi Ikiisha, Heshima Isiishe



Wapenzi bwana na bibi, siku ya arusi mliahidiana mbele ya altare kuwa waaminifu siku za heri na siku za shida. Leo tuzungumzie shida moja inayobisha hodi katika nyumba nyingi nchini mwetu: mume amepoteza kazi, na sasa nyumba inategemea mapato ya mke.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1990 maelfu ya watumishi wa serikali ya Kenya walipunguzwa kazini. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, walimu wengi wa shule za kibinafsi walikaa miezi bila mshahara. Wengine walirudi shambani, wengine wakauza mboga. Shida kama hiyo ikiingia nyumbani, mara nyingi kinachoumia kwanza si tumbo bali ni heshima. Mume huona kwamba amedharauliwa hata kabla hajadharauliwa, naye mke huogopa kusema neno.

Unyenyekevu ni nini?

Wengi hudhani kwamba unyenyekevu ni kuinamisha kichwa na kunyamaza. Sivyo. Unyenyekevu wa Kikristo ni kuukubali ukweli juu ya nafsi yako, mbele ya Mungu na mbele ya mwenzako. Someni Wafilipi 2:5-8. Mtakatifu Paulo anatufundisha kwamba Kristo alijishusha akawa mtumishi, wala hakupungukiwa na hadhi yake ya Mwana wa Mungu. Basi wewe bwana, hupungui kuwa mume na baba kwa kuwa mapato sasa yanaletwa na mkeo. Ubaba wako haukuandikwa kwenye karatasi ya mshahara.

Mfano wa watakatifu wawili

Kanisa limetupa mfano mzuri katika Louis na Zélie Martin, wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Walioana huko Alençon, Ufaransa, mwaka 1858. Louis alikuwa fundi wa saa mwenye duka lake. Zélie alikuwa na biashara ya lesi, na biashara hiyo ikakua. Mnamo mwaka 1870 Louis aliacha duka lake akajiunga na kazi ya mkewe. Yeye hakufutwa na mtu. Alikubali kwa hiari yake kuwa msaidizi katika biashara iliyoanzishwa na mke. Jambo hilo halikumvunjia heshima.

Maisha yao hayakuwa mepesi. Kati ya watoto wao tisa, wanne walifariki wakiwa wadogo. Zélie mwenyewe alifariki kwa saratani ya matiti mwaka 1877, na Louis akabaki na mabinti watano. Tarehe 18 Oktoba 2015, Papa Fransisko aliwatangaza wote wawili kwa pamoja kuwa watakatifu.

Kila mmoja na jaribu lake

Bwana, usishinde ukizunguka sokoni kwa sababu ya aibu, kisha jioni ungoje kupikiwa na mke aliyeamka alfajiri. Shika jembe, mpeleke mtoto kliniki, washa moto. Watakaokucheka hawatakulipia karo.

Nawe bibi, jaribu lako ni la namna nyingine. Usitupe noti mezani. Usimtume mumeo dukani kana kwamba ni mtoto, wala usiwatangazie wenzako wa chama kuwa wewe ndiwe unayemlisha. Yesu aliwaosha wanafunzi wake miguu (Yohane 13), wala hakuwasimanga. Fedha iliyoingia nyumbani ni ya nyumba.

Lakini tuelewane vizuri: unyenyekevu si kuvumilia kipigo. Katika wosia wake wa mwaka 2016, Amoris Laetitia, yaani Furaha ya Upendo, Papa Fransisko alifundisha kwamba subira si kukubali kuteswa wala kupigwa. Ikiwa mume anaipooza aibu yake kwa ngumi, au mke kwa matusi, tafuteni msaada mapema kwa padre na kwa watu mnaowaamini. Anayepigwa na aondoke kwanza mahali pa hatari.

Anzeni wiki hii

1. Semeni ukweli wa fedha. Kaeni wawili na daftari. Andikeni kila deni: la dukani, la chama, la karo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Deni lililofichwa huvunja uaminifu kuliko umaskini wenyewe.

2. Waambieni watoto pamoja. Wasisikie habari hizo kwa majirani. Mama asimseme baba, wala baba asimseme mama.

3. Tumieni maneno matatu ambayo Papa Fransisko aliwahimiza wana ndoa kuyatumia: naomba, asante, nisamehe. Mume aombe bila kuona haya, na mke ashukuru hata kwa sufuria iliyooshwa.

4. Msiikimbie Jumuiya. Familia nyingi zikikosa mchango huacha kuhudhuria sala. Nendeni hata mikono mitupu. Kukubali kusaidiwa nako ni unyenyekevu, na kesho ninyi mtawasaidia wengine.

5. Salini pamoja kabla ya kulala, hata kama ni Baba Yetu moja tu. Waefeso 4:26 inatuonya tusiache jua lichwe tukiwa bado na hasira.

Maswali ya kuzungumzia mkiwa wawili

• Tangu shida ilipoingia, ni jambo gani ninalomficha mwenzangu?

• Ni neno gani langu lililomwumiza, na nimekwisha kumwomba radhi?

• Ni kazi gani ya nyumbani ninayoikwepa kwa kuogopa kuchekwa?

Wapenzi, kazi yaweza kurudi au isirudi. Atakayekuwa kando yako wakati huo ni huyu uliyemwekea ahadi. Mtunzeni heshima mwenzenu, naye Mungu aliyewaunganisha atawapa nguvu ya kila siku.